Video ya Zamu za Shangazi

Shangazi yangu anapanga nguo kwenye ghala moja mtaa wa Nechells, huku ughaibuni. Kila wiki wafanyakazi huchagua zamu kwenye programu ya simu, mwisho Alhamisi saa sita mchana. Asiyechagua hupewa zilizobaki, na zinazobaki ni za jioni. Shangazi hutaka asubuhi, maana jioni anasomesha Kurani watoto wa jirani, nyumbani kwake mtaa wa Ladywood.

Kiingereza cha kwenye simu hakijui. Nilikuwa namchagulia mimi, lakini nilipopata kazi mtaa wa Stechford nikakosa nafasi, akasema, "Nirekodie, mwanangu. Nitafuata mwenyewe."

Mimi nimeishia darasa la saba, na ni mtu wa haya. Nilijifungia chumbani nikawasha programu ya kurekodi skrini, ile ya bure, inayokata ikifika dakika mbili. Nikaanza: shikamoo shangazi, umeamkaje, mgongo je, wajukuu hawajambo? Kila swali nikanyamaza kidogo ili apate kuitikia. Singeweza kumwambia mtu mzima "bonyeza hapa" kabla ya hayo. Kisha nikamwonyesha siku, nikamwonyesha saa. Nilipokuwa nakikaribia kitufe cha kijani cha kuthibitisha, video ikakatika. Sikuiangalia, kwa sababu sipendi kusikia sauti yangu. Nikaituma hivyo hivyo.

Shangazi alifuata kila kitu mpaka video ilipoishia, akaweka simu chini. Wiki nzima akapangiwa jioni, na watoto wakakosa masomo.

Nikarekodi upya bila salamu. Dakika moja tu ilitosha. Akanipigia palepale.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, shangazi."

"Mbona unaniamrisha? Bonyeza, bonyeza! Hata msimamizi wa ghalani huniambia gudi moningi kwanza."

Nilicheka, naye akacheka, ingawa alikuwa bado amenuna kidogo.

Basi nikatengeneza mbili. Ya kwanza salamu peke yake, skrini imetulia, hakuna kinachobonyezwa. Ya pili zamu, mpaka kitufe cha kijani na alama inayotokea baada yake. Safari hii niliziangalia zote, nikivumilia sauti yangu.

Alhamisi asubuhi, nikiwa kwenye mapumziko kazini, iliingia picha ya skrini ya shangazi. Kuipiga sikumfundisha mimi. Asubuhi tano, kila moja na alama yake ya kijani. Chini yake ameandika: "Ukipita kwa jirani waambie watoto, Jumatatu chuo cha Kurani kipo. Na aliyesahau sura yake asijifanye anaumwa."