Nilivyomtoa mbwa wangu kwenye croquettes nikaanza kumpikia, mpaka firigisi ya baba mkwe ikaingia kati

Wakuu, salamu kutoka Kisangani.

Hiki ninacholeta hapa sikukiokota mtandaoni. Kimetokea kwenye parcelle yangu mwenyewe, yaani kiwanja changu cha Kabondo, na mashahidi ni mke wangu, baba mkwe wangu na mbwa mmoja. Vuteni viti, ni ndefu kidogo.

Mbwa anaitwa Tigre. Jina hilo nilimpa akiwa mdogo, nikitegemea atakuwa mkali. Hakuwa. Kila anayeingia anapokelewa kwa mkia, na nadhani hata mwizi angepokelewa hivyohivyo. Lakini nampenda, na sioni haya kulisema hapa.

Sasa mimi nilijifanya mtu wa kisasa. Mbwa wote wa avenue yetu wanakula mabaki, Tigre alikuwa anakula croquettes, vile vidonge vikavu vya mbwa vya dukani. Mfuko mzima hapa hatununui. Muuzaji anaufungua, anauweka wazi, anapima kwa kikombe kama karanga. Na unyevu wa Kisangani wanaoujua wanaujua, hata chumvi inalia machozi.

Tigre akaanza kujikuna. Manyoya yakatoka mgongoni, kisha mkiani, kisha akaanza kunuka. Kilichomtoa kanga manyoya wahenga walikijua, kilichomtoa Tigre mimi sikukijua.

Mke wangu akaniita, sauti ya chini kabisa. Wakuu mliooa mnajua sauti ya chini maana yake nini.

"Papa Gracia, papa yangu anakuja mwezi ujao kupimisha tension ya damu. Hii mbwa ikibakia hivi, akirudia Opala ataenda nayo."

Baba mkwe ni mwindaji wa zamani wa huko Opala. Kwake mbwa ni mfanyakazi, na asiyefanya kazi hana sahani. Tigre kule asingemaliza hata msimu mmoja wa mvua. Nikajua hapa nampigania mbwa wangu.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Tulikwenda kwa pikipiki, Tigre katikati yangu na dereva, amefungwa kitenge ili asiruke. Kitenge cha mke wangu. Hilo hajui hadi leo, kama anasoma hapa basi namsalimu.

Docteur, mama mmoja mtulivu, alinusa croquettes nilizobeba, akanisogezea puani.

"Papa, weye mwenyewe ungekula hii?"

Akaniambia ninunue kwenye mfuko ambao haujafunguliwa, au nimpikie nyumbani. Akaanza kueleza namna ya kupika. Mimi niliposikia "nyumbani" nikaacha kusikiliza, nikajiona nimeshaelewa. Nani asiyejua chakula cha nyumbani?

Siku hiyohiyo nikampa Tigre lituma, yaani ndizi zetu zile za kuponda, pamoja na sombe, yaani kisamvu, iliyokolea mawese, chumvi, kitunguu, na pilipili kidogo kwa heshima. Alikula akiniangalia kwa upendo mkubwa.

Kilichofuata siwezi kukieleza chote, kuna watu wanasoma huku wanakula. Niseme tu kwamba parcelle haikupitika, na mke wangu alihamishia nguo alizoanika kwa jirani.

Nikarudi kwa docteur. Safari hii alinikalisha akaniuliza maswali kama mwalimu. Nyama isiyo na mafuta, au samaki aliyetolewa miba yote. Wali kiasi, usiizidi nyama. Lenga-lenga, yaani mchicha, au karoti zilizochemshwa. Ini kidogo tu, si kila siku. Juu yake unga wa madini na vitamini alionipimia, maana nyama na wali peke yake vinamshibisha mbwa huku mifupa yake inalia njaa. Chumvi hapana, kitunguu hapana, mifupa iliyopikwa hapana kabisa. Na chakula kipya kinaingia polepole, kikichanganywa na cha zamani, mpaka tumbo lizoee. Nilikuwa nimekosea kila kitu isipokuwa sufuria.

Na sufuria yenyewe mke wangu alinikataza kuigusa tena. Nikanunua ya Tigre.

Bon, ikafanya kazi wakuu. Harufu ilitangulia kuondoka. Kisha mgongoni yakaanza kuota manyoya laini. Mke wangu akajisahau siku moja nikamkuta anampapasa. Aliponiona akasema anamfukuza nzi.

Kitu kimoja Tigre alikipenda kuliko vyote: firigisi ya kuku. Kwetu hapa firigisi haiwekwi hovyo, ni ya baba mwenye nyumba. Na baba mwenye nyumba ni mimi, kwa hiyo kila kuku akichinjwa nilikuwa natoa fungu langu mwenyewe kwa Tigre. Hakuna aliyelalamika, ikawa mazoea.

Mazoea hayo ndiyo yaliyonichoma.

Siku baba mkwe alipofika na boti kutoka Opala, mke wangu alikwenda beach, yaani bandarini, kumpokea. Mimi nikaachiwa jogoo nimchinje na kumkatakata. Mkono wangu ukafanya kama ulivyozoea: hii ya mchuzi, hii ya mchuzi, hii ya Tigre. Mke aliporudi akapika alichokikuta.

Wakuu, baba mkwe akiwa ndani, firigisi si yangu tena. Ni yake. Hakuna anayeitangaza, inawekwa tu upande wake wa bakuli, na hapo mzee anajua kwamba nyumba hii inamjua. Usipoiweka umemwambia kitu kibaya sana bila kufungua mdomo.

Mzee akasali, akachovya. Akageuza mapaja. Akageuza mabawa. Akafika chini.

"Mama, hii kuku ilizaliwa bila firigisi?" akamuuliza binti yake.

Mke wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia bati.

"Papa," nikasema, "firigisi ilienda kwa mbwa."

"Kwa mbwa."

"Ndiyo papa. Docteur njo alisema tumupikie."

"Docteur alisema firigisi ya bokilo yako, mkwe wako, ipewe mbwa?"

"Hapana, papa."

"Bon."

Akanawa mikono. Bakuli limejaa, mzee ananawa mikono! Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mwenyeji hapo alitamani ardhi ipasuke.

Nikaomba radhi nimepiga magoti. Nikamwambia nitalipa amende, yaani faini, hata mbuzi. Mzee akatikisa kichwa.

"Sitaki mbuzi. Nitaenda na hii mbwa yenye ilikula heshima yangu."

Nimepika, nimemwondoa upara, na bado anakwenda. Nilidhani mke wangu atafurahi, ndiye aliyelianzisha wazo hilo. Tulipokuwa jikoni akaniambia, "Na miye nilishaizoea."

Kesho yake tukampeleka mzee kupima. Tension iko juu sana. Wakamwambia chumvi basi, mawese kidogo mno, nyama isiyo na mafuta, mboga za kuchemsha. Mzee akajibu kwamba chakula bila chumvi ni cha wagonjwa. Daktari akamwambia ndiyo, papa.

Hakutii. Mke wangu akipika bila chumvi, mzee anaonja kijiko kimoja anasukuma sahani. Tukagundua anabeba chumvi kwenye mfuko wa shati, imefungwa kwenye karatasi. Mama yake mke wangu alifariki kwa ugonjwa huohuo, kwa hiyo haikuwa mzaha. Mke wangu alikuwa analia kweli, na mzee akimwona analia anaongeza chumvi.

Asubuhi alikuwa anaweka kiti chake karibu na jiko langu la makaa, akinisimamia nampikia mbwa "wake".

"Hautie chumvi?"

"Hapana, papa."

"Na anakula?"

"Angalia tu, papa."

Tigre alikula, akalamba sahani, akaisukuma kwa ulimi mpaka ukutani. Mzee akaikagua sahani. Siku iliyofuata hivyohivyo, akasogeza kiti karibu zaidi. Kisha asubuhi moja akanyoosha mkono.

"Niwekee kidogo."

"Papa!" mke wangu akapiga kelele. "Ni ya mbwa!"

"Si njo mbwa yangu? Nataka kujua anakulaka nini."

Akaonja. Akatafuna taratibu kama jaji anayesoma kesi. "Ni mubaya," akasema. Kisha akamwangalia Tigre, Tigre akamwangalia yeye, hasa mkono wake. "Lakini mbwa hawezi kunishinda."

Tangu siku hiyo akataka chakula chake, kutoka sufuria ya binti yake tafadhali, kiwekwe saa ileile na cha Tigre. Wanakula wakitazamana. Tigre akitangulia kumaliza, mzee anasema safari hii mbwa alipewa kidogo. Ile karatasi ya chumvi mke wangu aliikuta shatini wakati wa kufua, imejaa, haijafunguliwa.

Siku ya kuondoka ikafika. Mzee ni mtu wa neno lake, akafunga kamba shingoni mwa Tigre. Nikabeba mzigo hadi beach, mke wangu nyuma yetu. Nilikuwa nimeshaweka ule unga wa vitamini kwenye mzigo na kumweleza mara nyingi mpaka akachoka.

Kwenye boti abiria mmoja alikuwa anakula fufu, akamrushia Tigre tonge. Tigre akalinusa. Akakaa kitako, akaniangalia, anasubiri karoti.

Watu wa boti walicheka mpaka tukaona haya. Mzee hakucheka. Aliliangalia tonge pale chini, akawaza.

"Kule Opala wawindaji watanimaliza," akasema. "Mbwa ya kuongoja karoti!"

Akampa binti yake kamba. Kwangu akanyoosha kidole: "Bokilo, amende bado iko. Nikirudia, firigisi mbili."

Nikasema ndiyo papa, ndiyo papa, na machozi yalinitoka mbele ya wabeba mizigo wote.

Funzo langu, wakuu: kumpikia mbwa ni jambo jema, lakini msikilize docteur mpaka mwisho. Usibadilishe ghafla, usimpe tu unachopenda wewe. Na kabla hujagawa kuku, jiulize nani yuko njiani anakuja.

Mzee sasa anapiga simu mchana. Hasalimii. Anauliza Tigre amekula, akiambiwa ndiyo, naye anakaa kula, bila chumvi.

Jana joto lilikuwa kali, Tigre akagoma, sahani imejaa nzi. Simu ikalia. Mke wangu akaiangalia ile sahani.

"Amekula, papa. Amelamba yote."

Halafu tukasikia kijiko cha mzee kule Opala kinaanza kugonga sahani, na mke wangu akabaki amekishikilia kile kisimu sikioni mpaka kijiko kikanyamaza.

Wenye mbwa na wenye wakwe, uwanja ni wenu. Mngemwambia ukweli?