Matundu Manne ya Mzee Kanti

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na naanza na hilo ili mnicheke mapema tumalizane, kwa sababu aibu iliyonipata Jumamosi ile mjini Nyeri haikutokana na aljebra wala kitu chochote kigumu, ilitokana na kutoa, ile kutoa ya darasa la pili.

Nyumbani Kiganjo nina kimashine cha CNC, kile kinachokata mbao chenyewe kikifuata namba unazokiandikia kwenye kompyuta (kiko ndani ya banda la kuku, na kuku walipohamishwa mama aliongea wiki nzima). Skrubu zake zote nilinunua kwa Mzee Kanti, mwenye hardware, mzaliwa wa hapa hapa Nyeri, aliyenivumilia nilipozirudisha mara tatu kwa sababu sikujua ninachotaka. Nampenda mzee huyo. Halafu akapata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, naye akakaa mwaka mzima akifinya mpira na kuokota maharagwe moja moja, bila kumlalamikia mtu.

Basi mwanawe, Nilesh, akanijia. “Mwalimu, tutengenezee board ya keram, ile ya zamani ilioza. Daddy anafikisha miaka themanini na anataka kucheza na Mzee Gathogo mbele ya watu, waone mkono imerudi.”

Keram ni ubao wa mraba wenye tundu kila pembe. Unapiga kete kubwa kwa kidole, nayo inazisukuma kete ndogo zitumbukie. Tundu lilitakiwa liwe na upana wa milimita arobaini na nne. Kisu cha mashine yangu kina upana wa sita, kwa hiyo kikipita juu kabisa ya mstari wa duara kitakula mbao ya nje na tundu litazidi, lazima kipite ndani kidogo. Programu inalijua hilo: unaiandikia upana wa tundu unalotaka, nayo inapunguza njia ya kisu yenyewe. Lakini mimi, mwalimu mzima, nani aniambie kitu, nikapunguza pia, tena sita kila upande, nikaandika thelathini na mbili. Mashine ikakata vizuri ajabu. Nikadondosha kete moja kutoka juu, ikapita, nikafurahi, nikapaka vanishi. Kupima sikupima.

Siku ya sherehe ua wa nyumba ya mzee ulijaa watu, chai ya tangawizi, sambusa, na wazazi wawili watatu wa wanafunzi wangu (bahati yangu hiyo). Nilesh akanitambulisha, nikapigiwa makofi, nikainama kama mbunge. Mzee Kanti akaketi, akanyunyiza poda ubaoni ili kete ziteleze, akapiga. Kete ikaenda pembeni safi kabisa, ikagonga ukingo, ikarudi. Akapiga tena, ikarudi. Mzee Gathogo, fundi bomba mstaafu aliyecheza naye tangu ujana, akakosa pia, na sote tukadhani anamhurumia mwenzake.

“Gathogo, wewe usinihurumie,” Mzee Kanti akasema.

“Nikuhurumie na nini? Hii kete inakataa tu!”

Hakuna aliyemwamini. Mzee akapiga ya tano, ya sita, watu wakaanza kuangalia vikombe vyao, na mwisho akaweka ule mkono mapajani na kusema polepole, “Nilesh, leta keki. Huu mkono umeisha, nisisumbue watu.”

Nilichukua kete nikaiweka juu ya tundu. Ilibaki nafasi ya unene wa ukucha. Nakiri kwamba kwa sekunde kadhaa nilifikiria kunyamaza, nikakate matundu upya kimyakimya, lakini nilipomtazama yule mzee akikunja vidole vyake sikuweza.

“Mzee, ngoja!” nikasema, sauti ikitoka juu kuliko nilivyotaka. “Mkono yako iko sawa. Ni mimi nimekosea shimo. Nilitoa mara mbili.”

“Ati nani? Si huyu ndiye anafundisha Kevo wangu hesabu?” mama mmoja akauliza, na ua mzima ukaangua kicheko.

Mzee Kanti peke yake hakucheka. Alizungusha kidole cha mkono ule ule wa kulia ndani ya tundu, taratibu, macho yamefumbwa. “Thelathini na mbili,” akasema, na mimi sikuwa nimetaja namba yoyote. Miaka hamsini ya kuuza bolti!

Nikaomba niubebe ubao nikaupanue. Akakataa, akavuta kiti karibu, akapiga. Ikarudi. Akapiga, ikarudi, watu sasa wamesimama wote, na sijui ilikuwa mara ya ngapi kete ilipoenda moja kwa moja na kuzama bila kugusa ukingo. Gathogo alipiga kelele kuliko yeyote. Nilesh alikuwa analia waziwazi, nami pia.

“Mwalimu,” mzee akaniita, “tatu panua. Hii moja wacha, nataka Gathogo ateseke.”

Tangu siku hiyo siandiki namba kabla sijaangalia mashine imeshapunguza nini. Na mtu akishindwa na kitu nilichomtengenezea, nakipima hicho kitu kwanza, kabla sijautazama mkono wake.