Mwaka Tulioficha Kituo cha Afya

Wakati wa vita, kila kundi la askari lililopita Luberizi liliingia kwenye kituo chetu cha afya na kutoka na kitu: dawa, magodoro, hata ndoo. Kila mara serikali iliahidi vifaa vipya, na ahadi hizo zilikuwa zimetuchosha.

Safari hii, tuliposikia mapigano yanakaribia, muuguzi wetu aliamua kukigawa kituo chenyewe. Kitanda cha kuzalia kilikwenda kwa katekista. Hadubini ya kupimia malaria ilifukiwa ndani ya mpunga wa jirani. Mama yangu alipewa mizani ya watoto.

"Mama, weye utachunga hii," muuguzi alimwambia. "Wakiuliza, sema iko ya kupimia muhogo."

Askari walikuta kituo kitupu, wakaendelea na njia yao ya Bukavu. Kwa miezi mingi kina mama walileta watoto wao kupimwa jikoni kwetu, mizani ikining'inia kwenye boriti, naye muuguzi akitoka nyumba hii kwenda ile kama anayezungukia vyumba vya hospitali moja kubwa. Mpaka leo sijaona hospitali iliyoendeshwa vizuri kuliko ile.

Utulivu uliporudi, kila mtu alirudisha alichopewa. Hadubini ilirudi na punje za mpunga, na kijiko cha dawa ya kikohozi nacho kilirudi. Kilichokosekana ni mlango tu, ambao askari waliung'oa. Huo hatukumpa mtu auchunge. Tuliuachia serikali.