Trekta Dogo Katika Zizi Tupu

Enzi zetu betri ya redio ikiisha nguvu haikutupwa, ilianikwa. Kila paa bapa la tembe pale kijijini kwetu, upande wa Kongwa, lilikuwa na pande mbili: huku mlenda unakauka, kule betri zimepangwa mstari zinaota jua. Jioni zinarudishwa ndani, redio inakohoa, inaongea kidogo, inakata katikati ya salamu za wasikilizaji. Hakuna aliyenung'unika. Kesho jua litakuwepo, maana kwetu jua ndicho kitu pekee ambacho hakikuwahi kuadimika.

Nikiwasimulia wanangu haya wananitazama kama mtu aliyepandwa na malaria kichwani. Wao simu ikikaribia kuzima nyumba nzima haikaliki, utadhani kuna mgonjwa. Nawacheka, lakini hofu ya betri kufa naijua kuliko wao. Niliishi nayo msimu mzima, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, Baba alipotoa maksai wetu wawili akaleta nyumbani trekta.

Mkisikia trekta msiwaze haya makubwa ya siku hizi. Lilikuwa trekta dogo la bustani, kimo cha punda, kiti cha mtu mmoja, lililoletwa na wazungu wa mradi wa karanga kukatia majani kwenye nyumba zao. Karanga zikagoma, wazungu wakaenda zao, trekta likaachwa likipigwa vumbi uani kwenye ghala ambalo baadaye Baba alikuwa karani wake. Kisha ghala nalo likafungwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na vyuma vyote vikachukuliwa na mfanyabiashara mmoja wa mifugo ambaye enzi zile alinunua kila kitu, hata milango. Baba akampelekea Kazi na Dunia, ndivyo maksai wetu walivyoitwa, akarudi anakisukuma kile chuma pamoja na vijana wa kijijini. Mzee Mlugu, jirani yetu, alisimama njiani akasalimu kwa kilugha, akauliza kwa adabu zote, "Mbukwa, Yohana. Huyu naye anakula majani?" Tangu siku hiyo likaitwa Punda wa Yohana.

Mama hakucheka. Kazi na Dunia alipewa na kaka yake wangali ndama, mwaka niliozaliwa mimi, na alikuwa akiwaamkia kila asubuhi kabla hajatuamkia sisi. Baba alijitetea kwamba ng'ombe hula mwaka mzima na kulima msimu mmoja, ila trekta lisipolima halili. Mama akamjibu, "Na ng'ombe hajawahi kugoma kwa kukosa waya." Akaichukua nira ya maksai wake, akaipandisha juu ya paa, akailaza kando ya mlenda. Kuni zilikuwa shida wakati ule, tulizifuata mbali mpaka miguu inapasuka, lakini ile nira hakuna aliyethubutu kuigusa. Sote tulielewa kwamba Mama anamngojea Baba ashindwe.

Ndipo akaja Mjomba. Alitoka Chamwino kwa baiskeli, akaketi kwenye kigoda, akapewa togwa, akaionja tu. Alipoongea hakupandisha sauti. "Shemeji, mvua ya kwanza ikinyesha shamba hili halijalimwa, namchukua dada yangu na watoto. Sitawaacha wafe njaa. Wewe utabaki na punda wako." Baba akasema amemsikia. Mama alikuwa anapepeta uwele, akaendelea kupepeta.

Watu wa kanda ya kati wenzangu mtanielewa nikisema nilitenda dhambi: nilianza kuomba mvua isije. Shuleni tuliimba mchakamchaka, tukacheza rede na kombolela mpaka vumbi linatugeuza rangi, na wingu likitokeza juu ya milima ya Kiboriani wenzangu wanashangilia. Nilikuwa nikijificha kwenye kombolela najikuta natazama mlimani badala ya kumtazama mtafutaji, ndiyo maana nilikamatwa kila mara. Mwalimu wetu alimwambia Mama kwamba mimi Sechelela siku hizi akili yangu iko nje ya dirisha.

Baba aliligeuza zizi kuwa karakana. Lilikuwa bado linanuka mbolea na pumzi ya wale maksai, na kwenye kigingi walipofungwa Dunia na mwenzake sasa ilining'inia spana. Injini aliifungua, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaisuka upya, na ilikuwa nzima kwa umri wake. Balaa lilikuwa nyaya. Nyaya za zamani zile zilivishwa kitambaa, nao panya wa ghala la karanga walizitafuna mpaka zikabaki nyuzi tupu za shaba. Ikabidi azing'oe zote atandaze mpya, kutoka kwenye swichi mpaka kwenye koili inayotoa cheche, kwenye dainamo inayozalisha umeme, kwenye taa. Waya alioupata ulikuwa roli moja, mweusi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukishaukata vipande huwezi kujua upi unakwenda wapi.

Akaja na akili yake. Kila waya alioufunga aliutia alama ya kitambaa, na vitambaa alivitoa kwetu. Waya wa taa ulifungwa kipande cha sketi yangu ya shule iliyochakaa. Wa dainamo ukafungwa ukosi wa shati lake la ukarani. Waya mkuu, unaopeleka moto kwenye koili, usipokuwepo huo hakuna kinachowaka, ulikosa kitambaa. Baba akaenda kumwomba Mama. Nilidhani atamfukuza. Mama aliingia ndani, akarudi na upindo wa khanga aliouchana mwenyewe, akamkabidhi. Tukauita waya wa Mama, na kwa siku kadhaa nililala usingizi.

Betri ilikuwa ya pili kwa umuhimu na ya kwanza kwa shida. Baba aliikuta kuukuu kwenye gereji moja Kibaigwa, wakaifufua na kuijaza chaji, akaileta kwa baiskeli ameifunga kwa mpira wa tyubu na kuisindikiza kwa mguu njia nzima, kama mama mjamzito. Betri mpya mjini Dodoma zilikuwepo, ruksa ilishaleta kila kitu, ila kuiona dukani na kuibeba ni mambo mawili. Akaiweka kwenye pembe ya zizi, akarudi Kibaigwa kutafuta plau ndogo na mafuta. Mawingu yalianza kukaa juu ya Kiboriani bila kuondoka.

Nilirudi shuleni nikamkuta Mama juu ya paa, anaimba. Tangu maksai waondoke sikuwa nimemsikia akiimba. Pembeni yake, katikati ya betri za redio, kulikuwa na betri ya trekta imefunguliwa vifuniko vyote na kuinamishwa ubavu. "Baba yako kazi zote anataka azifanye peke yake," alisema. "Hii ilikuwa imejaa maji ndani. Nguvu itatoka wapi? Nimeyamwaga, sasa inakauka." Nilifurahi hata machozi yakanilengalenga. Niliona Mama amerudi upande wetu.

Maji ya betri ni tindikali, na hayamwagwi, hilo leo analijua hata mtoto wa chekechea. Baba alirudi jioni na plau na mafuta, akapanda juu ya paa, akakaa kule muda mrefu. Mama alipomuuliza kama ameridhika, alisema tu kwamba ataiangalia kesho. Asubuhi nilifua khanga aliyovaa Mama juu ya paa, ikanifia mikononi. Ilikuwa imetoboka matundu mbele yote, kitambaa kinakatika kama karatasi iliyolowa. Nikaianika vivyo hivyo. Baba alikuja akaisimamia ile khanga, akanitazama, akaweka kidole mdomoni.

Mchana ule Mjomba alifika, na safari hii alikuja na mkokoteni wa punda. Mawingu alishayaona toka kwao. Akauliza trekta limefikia wapi, na Mzee Mlugu naye akasogea kusikiliza, jirani asiyesogea ni jirani gani. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Baba akasema, "Betri imekufa. Ilikuwa kuukuu, wale wa Kibaigwa walinidanganya. Kosa ni langu, sikuikagua." Mjomba akatikisa kichwa, akasema atalala, kesho tufunge mizigo.

Na hapo ndipo Mama alipofanya jambo lililonitia hofu kuliko yote. Jua halijazama, alipanda juu ya paa, akaishusha nira. Akachukua shoka. Akaipasua vipande, akavisogeza jikoni, akapika ugali wa uwele na mlenda kwa nira ya Kazi na Dunia. Mjomba alishika tama. Hata mtoto alielewa: ng'ombe wamekwenda, betri imekufa, na sasa hata kama mtu angetuazima maksai, nira hatuna. Baba alisimama akiutazama ule moto. Kisha akatoka nje, nikamwona anainua macho kwenye paa letu, halafu kwenye paa la Mzee Mlugu, halafu kwenye mapaa mengine.

Kulipopambazuka alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na kikapu, anaomba betri za redio. Zilizoanikwa, zilizochoka, zozote. Kwa Mzee Mlugu nilikuwa naye.

"Shikamoo, mzee. Naomba betri zako."

"Na taarifa ya habari nitaisikiaje?"

"Leo utasikia trekta."

"Nisipolisikia?"

"Utasikia mkokoteni unaondoka na familia yangu."

Mzee Mlugu aliingia ndani akatoka na betri zote, hata za tochi. Redio za kijiji kizima zilinyamaza siku ile.

Sisi watoto tulijua kuzifunga, maana redio za wakati ule nusu ya betri zake zilikaa nje zimeviringishwa kwenye gazeti. Tukaziviringisha safu kwa safu, Baba akazikaza kwa mpira, akaziunganisha zote kwenye waya wa Mama. Alituambia hatuhitaji nguvu nyingi. Cheche tu za kuanzia, injini ikishika dainamo itabeba mzigo. "Maji ukiyavulia nguo," alisema, akashika hendeli ya kuwashia, hakumaliza methali. Alizungusha. Kimya. Akazungusha tena, hendeli ikamrudi nusura imvunje mkono. Upepo ulikuwa umeanza kunuka mvua, ile harufu ambayo nyote mnaipenda, na mimi nikaziba pua. Mjomba alikuwa anamfunga punda kwenye mkokoteni.

Mama akaja. Aliinama, akautafuta ule upindo wa khanga yake katikati ya nyaya nyeusi, akakuta umelegea pale kwenye koili. Akaukandamiza kwa vidole, hakuuachia. "Zungusha," akamwambia Baba. Trekta likakohoa. Likatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi. Halafu likaunguruma, Baba akaukaza ule waya, na punda wa Mjomba akakurupuka na mkokoteni mtupu mpaka kwenye michongoma.

Sasa tatizo likawa lisije likazima. Baba alipiga kelele kwamba likizima hatuna kingine cha kuliwashia, kwa hiyo halizimwi. Akalima bila kusimama. Mama alikimbia ubavuni na kibuyu cha uji, Baba anakunywa akiwa anaendesha, uji unamwagika kifuani. Mjomba alimrudisha punda wake, akasimama akitazama, kisha akavua viatu akaingia shambani kuondoa visiki mbele ya trekta. Kila injini iliposhuka sauti moyo wangu ulishuka nayo. Mvua ilitukuta imebaki kona moja. Magazeti yalilowa, trekta likazima, na ile kona tuliimalizia kwa jembe la mkono, Mjomba akiwa wa kwanza kushika mpini. Alirudi Chamwino peke yake.

Trekta lile lilitulimia misimu kadhaa, kwa kugoma na kubembelezwa. Baba tulimzika huko huko Kongwa. Mama naishi naye Ipagala, mjini Dodoma, na mpaka leo betri za rimoti zikichoka anazipanga dirishani juani. Wanangu wanacheka. Wana kila kitu kinachowaka kwa kuguswa, na sijui kama kuna siku watajua raha ya kitu kilichokataa kuwaka halafu kikawaka. Wala hawajui majirani zao wana redio au hawana. Mimi kwa hilo siwacheki wala siwaelezi, namsaidia bibi yao kuzipanga.

Juzi alikuwa dirishani hapo akaniuliza, "Hivi Seche, ile betri ya baba yako ilikufaje?"

"Ilizeeka, Mama. Walimdanganya Kibaigwa."

"Muongo kama baba yako," alisema. "Khanga yangu niliiona kwenye kamba siku ile ile, nikajua aliyeiua betri ni mimi. Na yeye alijua. Akasimama mbele ya kaka yangu akasema kosa ni lake." Akazigeuza betri upande wa pili, nao upate jua. "Mwanaume wa hivyo ningemwekea nira ya akiba ya nini?"