Karatasi ya Majina Niliyoikataa

Aibu nyingine mtu unazeeka nayo, wanaoijua wanakufa mmoja mmoja mpaka inabaki yako peke yako, lakini yangu mimi ina video. Ipo kwenye simu za watu, na yule mpiga video alikuja mpaka nyumbani, kijana wa watu, kuuliza kama kopi yetu bado tunaihitaji. Mwanangu Elirehema alimfungia mlango usoni. Basi acheni niisimulie mwenyewe, maana najua inasimuliwa, na wanaoisimulia wanaongeza chumvi wakati yenyewe tayari hailiki.

Mimi ni mtu wa kuogopa watu. Si kwamba naogopa watanipiga, hapana, naogopa macho yao. Mtu akiniangalia zaidi ya salamu koo linakauka, kwapa zinalowa, nasikia moyo unapiga mpaka masikioni. Na mtu wa namna hiyo ndiye Mungu akamleta kuishi Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, tangu Elirehema hajaota meno, mahali ambapo ukifungua mlango umeshamkanyaga mtu (Mungu naye ana utani wake). Kanisani nakaa benchi la mwisho nyuma ya nguzo, na baraka ya mwisho huwa naipokea nikiwa tayari ngazini natoka. Meza ya Bwana nilikaa miaka siisogelei, kwa sababu lazima utoke upange mstari watu wote wakutazame mgongo. Walisema naringa. Mimi, wa darasa la tatu, niringe na nini?

Ila majina, jamani, majina nilipewa. Ukinitajia jina lako mara moja nitakufa nalo. Mkunga aliyenizalisha Elirehema aliitwa Tatu, mchukuzi aliyetubebea kabati siku tunahamia aliitwa Mwinyimkuu, mtaa mzima nawajua kwa majina, wao na watoto wao na waliowazaa, na nikikutana nao nainamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano.

Hospitali walinipima presha wakasema moyo mzima. Nikaombewa kwa ajili ya mapepo, nikaanguka kwa adabu tu, maana niliona wote wananisubiri nianguke. Mwisho mchungaji akanipeleka kwa Mama Upendo, mshauri wa pale kanisani, ana kachumba nyuma ya ofisi, ndani viti viwili na Biblia na boksi la tishu.

“Bibi, hili si pepo,” akaniambia.

“Ni nini sasa?”

“Ni hofu. Wanayo wengi, hata mwalimu wa kwaya anayo.”

Nililia siku ile, nikamuuliza mbona nimeomba tangu msichana na Mungu hajaiondoa, akasema labda kukuleta hapa ndiyo ameanza. Nikawa naenda kila Alhamisi. Akanifundisha kwamba hofu ikinibana nisikimbie, nifumbe macho, nishushe pumzi, nianze kuwataja moyoni wale Mungu alionipa, mmoja mmoja, taratibu, na kila jina ni shukrani. Hiyo ndiyo ikawa sala yangu. Na ilifanya kazi! Jumapili moja nilitoka nyuma ya nguzo nikaenda mbele na mstari, huku moyoni nasema Elirehema, Felista mkewe, Aneth wao, mpaka nikajikuta nimepiga magoti na sijafa.

Sasa huyo Aneth ndiye mjukuu wangu wa kwanza, anauza mashuka Mtaa wa Mchikichi, na ndiye tuliyekuwa tunamfanyia sendofu, kumuaga kabla ya harusi yake na Godlisten. Na hapa lazima niseme kitu ambacho kwetu kilikuwa hakisemwi. Aneth alipokuwa sekondari alizaa. Mtoto anaitwa Anjela, ana miaka sita, analelewa Marangu kwa mdogo wangu Nsia, na ukoo ulikubaliana aandikwe wa Elirehema, amwite Aneth dada. Godlisten hakuambiwa. Aneth alikuwa ananiambia, “Bibi, natafuta siku,” na siku haikupatikana mpaka kadi zikachapwa.

Kwenye sendofu lazima mtu mmoja asimame na maiki awatambulishe ndugu wote kwa ukweni. Kazi hiyo ilikuwa ya mwanangu mkubwa Aminieli, na basi lao kutoka Moshi likafia Korogwe. Saa kumi jioni Elirehema akaja chumbani kwangu jasho linamtoka.

“Mama, Aminieli hafiki. Nani mwingine anayajua majina yote?”

Nilijua jibu ni kusema sijui. Lakini nilikuwa nimetoka kwenda Meza ya Bwana mara nne mfululizo, nilikuwa nimevimba kichwa, nikasema nitasimama. Aneth alikuwa bado anapambwa, akasikia, akaja na rola kichwani na karatasi ameandika majina yote kwa kalamu nene, nani aanze na nani afuate.

“Bibi, soma hivi hivi tu. Usiongeze, usipunguze.”

“Karatasi?” nikamwambia. “Mimi nisome majina ya wanangu kwenye karatasi kama mgeni? Hicho ndicho kitu pekee ninachokijua hapa duniani, na chenyewe mnataka kuninyang'anya?”

Nikaiacha juu ya kitanda. Ndiyo hiyo tu, hakuna kingine nilichofanya kibaya siku ile, niliacha karatasi kitandani.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vyombo, na mshereheshaji aliitwa Kelvin, suti inametameta, mdomo haupumziki. “Jamani, bibi kijana huyu hapa! Mpigieni makofi ya kilo!” Nikasimama. Nikasema Bwana Yesu asifiwe, wakaitika, nikamtambulisha Elirehema, akasimama akapunga, makofi, nikamtambulisha Felista, makofi, nikasema moyoni kumbe mambo yenyewe ndiyo haya. Halafu mpiga video akanisogezea ile taa.

Kila kitu kikaondoka. Nilikuwa naangalia watu niliowazaa na sijui ni akina nani. Nikasimama. Nikaendelea kusimama.

“Ah, bibi mtandao umekata!” Kelvin akasema. “Bibi, umeishiwa bando?”

Ukumbi mzima ukacheka, si kwa ubaya, najua, lakini kile kicheko kilinipanda miguuni kama maji. Nikataka kukimbia, nikakumbuka Mama Upendo, usikimbie. Nikafumba macho. Nikashusha pumzi. Nikaanza kuwataja moyoni wale Mungu alionipa, mmoja mmoja, taratibu, na kila mmoja namtaja na wa nani, ndivyo ninavyosali. Elirehema wangu. Felista wa Elirehema. Aneth wa Elirehema. Anjela wa Aneth.

Nikapata amani, ndugu zangu, sitasema uongo. Nikafika kwa Aminieli na watoto wake, nikawa naendelea, na ndipo nikasikia bibi kizee fulani anaongea kutoka kwenye yale maspika makubwa ya nyuma, anayataja majina yale yale ninayoyataja mimi. Maiki ilikuwa chini ya kidevu changu. Midomo yangu ilikuwa inatembea.

Nilipofumbua macho hakuna aliyecheka. Kelvin, masikini, hakuelewa, akadhani kazi imeendelea, akachukua maiki yake nyingine: “Haya, Anjela wa Aneth yuko wapi? Anjela, simama tukuone mama!”

Hakuna aliyesimama. Shangazi yake Godlisten, Mama Doreen, alikuwa meza ya mbele kabisa, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei:

“Bibi, huyo Anjela ni mtoto wa nani?”

Neno moja tu lilihitajika. Ningesema ni wa Elirehema, nimekosea, uzee huu, watu wangecheka, Kelvin angepiga muziki, yangeisha. Felista alikuwa ananitolea macho, midomo inasema Elirehema, Elirehema. Na mimi nililijua neno, nilikuwa nalo ulimini, na watu wote walikuwa wananiangalia, na koo likafunga. Sikuweza kusema kweli wala uongo. Machozi yakaanza kunitoka nimeshika maiki, na hilo ndilo likawa jibu.

Godlisten akamgeukia Aneth. Alimuuliza kitu kifupi, sikukisikia. Aneth akatikisa kichwa kukubali. Kijana akasimama, akafunga kifungo cha koti vizuri, akashuka ngazi, na ndugu zake wakamfuata meza baada ya meza, Mama Doreen akiwa wa mwisho, akasema, “Sisi tungempokea na mtoto wake. Ila mmetuona wajinga.” Keki ilibaki haijakatwa.

Harusi haikufungwa. Godlisten alituma ujumbe kwamba anahitaji muda, na muda wenyewe mpaka leo hajausema una urefu gani. Siku ya tatu Aneth alifungasha nguo kwenda kukaa kwa rafiki yake Kinondoni. Nilisimama mlangoni. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza.

“Karatasi nilikuandikia, Bibi,” akasema. “Nilikuandikia kwa herufi kubwa.”

Mama Upendo alikuja nyumbani Alhamisi ambayo sikuonekana. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

“Bibi, nilikwambia ufumbe macho, sikukwambia ufunge na mdomo.”

“Hukuniambia.”

“Nisamehe.”

“Sasa nifanye nini?”

“Sijui, Bibi. Nitakaa na wewe tu.” Akakaa mpaka giza likaingia, na mpaka sasa bado anakuja, lakini hajanifundisha kitu kingine na mimi sijamwomba. Ile sala imeniharibikia. Nikifika kwa Aneth ulimi unakwama, siendelei mbele, kwa hiyo siombi, nakaa namwangalia Mungu naye ananiangalia, na macho yake nayo nimeanza kuyaogopa.

Jumatano iliyopita nilikwenda dukani kwa Aneth. Maneno nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kwenye karo la vyombo, nisamehe mjukuu wangu, maneno matatu, hata mtoto anayaweza. Nilitembea peke yangu, Barabara ya Msimbazi niliivuka nimefumba jicho moja, wachukuzi wananipigia kelele “Bibi pisha, mzigo!” na mimi nimeng'ang'ania kuta za maduka kama mlevi. Nikafika. Dukani walikuwamo wateja wawili, wanawake, wakageuka wote kuniangalia. Aneth akainua kichwa. Amekonda.

“Shikamoo mama,” akasema. “Karibu. Unatafuta mashuka ya namna gani?”

Nikasubiri acheke, au alie. Alikuwa ameweka mikono juu ya meza, ananisubiri kama anavyomsubiri yeyote. Wale wanawake wananiangalia.

“Ya bluu,” nikasema.

Akanitolea ya bluu, akayakunjua nione yasije yakawa na kasoro, akayakunja tena vizuri, akayatia kwenye mfuko. Nikalipa. Akasema asante mama, karibu tena.

Maiki sitashika tena mpaka naingia kaburini, na mtu akinipa karatasi nitaisoma, hata kama imeandikwa jina langu mwenyewe. Hicho ndicho nilichojifunza, na hakimsaidii Aneth chochote. Mashuka nimeyatandika, ni mazuri, hayachuji rangi. Jumatano hii nitarudi. Nitamwambia nimekuja kutafuta foronya zake.