Fomu Mia Moja Arobaini na Moja

Stefania Nandonde hakuwa mtu wa kuandika uongo. Ndiyo maana uongo ulipojaa katika fomu mia moja arobaini na moja, aliutambua kabla ya mwingine yeyote: mwandiko ulikuwa wake.

Alizaliwa uwanda wa juu wa Makonde, katika nyumba ya wakulima wa korosho, akasoma hadi kidato cha nne, akafunzwa kazi ya maabara. Mwaka 2002 ulimkuta katika zahanati ya Kinjumbi, ana miaka thelathini na sita na hadubini moja. Ilikuwa miaka ya milango kufunguliwa. Serikali ilikuwa imelegeza mkono, maduka ya dawa yameota kama uyoga, na miradi ikaingia vijijini na magari yake, vibandiko vyake na haraka zake. Vifaa vililetwa kwa wingi; hakuletwa mtu wa kupima kama maswali yaliyokuja navyo yanaulizika kwa wenyeji.

Mradi wa Kinjumbi ulihusu tezi dume, kiungo kinachowasumbua wanaume wazee hata wakashindwa kukojoa. Msimamizi wake alikuwa Daktari Altaf, mtoto wa mzee Gulamali mwenye duka la vitambaa Lindi.

"Kompyuta yenyewe iko Dar es Salaam," aliwaeleza siku ya kwanza. "Haikuzaliwa na akili, inafundishwa. Tunaipa kipimo cha damu ya mzee na majibu yake ya maswali, halafu tunaiambia ugonjwa uliothibitishwa hospitali. Ikishaona wengi, inajua kutenganisha mwenye uvimbe wa uzee na anayehofiwa saratani."

"Kama mtoto wa madrasa," alisema Biasha, mfagizi wa zahanati, mama wa makamo ya sitini, mtani wa nusu ya kijiji. "Na ikifundishwa vibaya?"

"Itasoma vibaya, bibi," Altaf alijibu akicheka.

Kazi ya Stefania ilikuwa kutoa damu na kusoma maswali kumi na mawili. Damu haikumsumbua, wazee walinyoosha mikono bila kukunja uso. Maswali ndiyo yaliyokuwa mlima. Je, mkojo hutoka kwa shida? Je, umewahi kuona damu? Mzee aliyekwisha kuitikia marahaba angeyajibuje hayo mbele ya mwanamke wa rika la binti yake? Alitazama dirishani, akasema, "Sina tatizo, mwanangu." Stefania akaandika hapana. Aliandika hapana hata kwa mzee aliyeinuka mara mbili kwenda chooni kabla ya kufika swali la tano. Fomu ilitaka jibu, naye alitoa jibu.

Jumanne moja mzee Huseni alikuja kuchukua majibu yake. Kipimo chake cha damu kilikuwa katikati, si cha kutisha wala cha kutuliza, na kompyuta, iliyokwisha kuanza kujaribiwa, ikiegemea nakala ya hapana zake kumi na mbili, ilikuwa imemwandika salama. Alikunja karatasi, akashukuru, akatoka. Barazani alikutana na Biasha na fagio lake.

"Huseni, mbona leo unatembea kama bata aliyemeza jiwe?"

"Niondokee, mchawi mkubwa. Tangu mfungo nasimama chooni mpaka miguu inakufa ganzi. Ninachopata hakitoshi kumlowesha kuku."

"Kwani kinatoka maji au hasira?"

"Rangi ya chai kavu. Siku nyingine damu tupu. Ukinizika, usithubutu kujifanya unalia."

"Nitacheka mpaka arobaini."

Walicheka wote wawili. Ndani, Stefania alisimama na chupa ya damu mkononi, hakucheka. Alitoka.

"Mzee, haya hukuniambia mimi."

Huseni aliinamisha uso. "Ningekuambiaje, mwanangu? Huyu ni mtani. Wewe ni mtoto wa kike."

Stefania alirudi ndani akalifungua kabati. Alipekua fomu moja baada ya nyingine, na zote zilimtazama kwa neno lile lile. Hasira ilimpanda, kwanza juu ya waliotunga maswali wakiwa mbali, kisha juu yake mwenyewe, kwa kuwa wao hawakujua ila yeye alijua.

Alhamisi Altaf alifika kuchukua bunda liende Dar es Salaam. Kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Stefania.

"Haziendi, daktari."

"Dada Stefania, mashine inazisubiri. Hilo ndilo somo lake la mwisho."

"Somo lenyewe ni uongo. Wazee walisema, mimi nikaandika, na nilijua."

Altaf alivuta kiti. "Makosa hayakosekani. Huyu akizidisha na yule akipunguza, mwisho yanafutana."

"Haya hayafutani. Wote wamekosea upande mmoja, kwa aibu moja. Mzee Huseni anakojoa damu, na mashine yako imempeleka nyumbani."

"Ukichelewesha mradi, watatafuta mtu wa kumlaumu."

"Jina langu liko chini ya kila fomu. Hawatapata taabu kutafuta." Akamkazia macho. "Mzee Gulamali akishindwa kukojoa, atamwambia nani?"

Altaf aliirudisha kalamu mfukoni. "Mwaka jana alishindwa siku mbili," alisema. "Hakumwambia hata mama."

"Kumbe unaijua aibu hii."

Altaf aliondoka bila bunda, ila na fomu moja, ya Huseni, iliyoandikwa upya mchana ule kwa Huseni kuulizwa na Biasha.

Zilizobaki ziliwachukua wiki tano. Stefania aliwaambia wazee waziwazi kwamba yeye ndiye anayeandika, na asiyetaka aende kwa amani. Kisha akageuza kiti, akawapa mgongo. Biasha aliuliza kwa matusi ya utani yasiyoandikika, nao wakajibu. Pasipo na mtani, alitafutwa shemeji. Fomu tisini na saba zilibadilika. Barua ya onyo ilifika kutoka mradini. Stefania aliisoma, akaijibu kwa kurasa mbili, akidai fomu mpya ziwe na nafasi ya kuandika ni nani aliyeuliza.

Jibu la pili la Huseni lilifika kabla ya barua hiyo: damu ile ile, kipimo kile kile, ila safari hii karatasi ilisema apelekwe hospitali bila kukawia. Huko walimkata kipande cha tezi, wakakuta saratani ambayo bado haijatoka nje ya kiungo chake.

Asubuhi ya kwenda kuanza matibabu alipitia zahanati. Biasha alimtazama juu mpaka chini.

"Umeninyima pilau la msiba, Huseni."

"Utasubiri sana."

Huseni alimgeukia Stefania. Safari hii hakutazama dirishani. "Mwanangu, ile fomu mpya imekuja?"

"Imekuja, mzee. Nafasi ya muulizaji imo."

"Basi mwandike huyo mchawi," alisema Huseni, akachukua mfuko wake.