Sakafu Aliyoisiriba Mama

Enzi zetu Jumamosi ilikuwa na harufu yake. Ninyi wenzangu mliokulia kwenye vilima vya Tarime miaka ile ya hamsini mnaijua: samadi mbichi, majivu, na moshi wa nyumba ambamo ugali wa wimbi ulikuwa bado unasongwa. Alfajiri baridi ilituuma, nasi tulikimbilia zizini kutumbukiza miguu kwenye kinyesi ng'ombe alichoangusha muda huo huo, kikali na cha moto. Hicho ndicho kilikuwa kiatu chetu. Kijana wa leo ukimsimulia hivi anashika pua, kisha anakuuliza kama tulikuwa tunaoga.

Tukishapata joto, mama aliita, "Marwa, jaza karai!" Nilijaza samadi, nikajitwika, tukashuka bondeni hadi kanisani. Lilikuwa jengo la udongo na nyasi, na sakafu yake ilisiribwa kila Jumamosi. Mama alipiga magoti, akachanganya samadi, majivu na maji, akaanza kwenye kona ya madhabahu akirudi nyuma kuelekea mlangoni, mkono ukichora nusu duara baada ya nusu duara. Sikumsikia akilalamika hata mara moja. Nilipokuwa mchanga surua iliwamaliza watoto kijijini kwetu, mimi nikabaki. "Mwingine angeshukuru kwa ng'ombe," alikuwa akisema. "Mimi sina ng'ombe. Nina mikono."

Tata, yaani baba yetu, hakuwa mtu wa kanisa, lakini hakuwa mkorofi. Alipenda kumtania tu.

"Nyumba ya huyo Mungu wako inang'aa. Yangu nani aisiribe?"

"Yako niliisiriba jana, tata Marwa. Yeye hana mke."

Mama mkubwa, yule mke wa kwanza wa tata, aliangua kicheko hadi kibuyu cha maziwa kikamponyoka. Wawili hao waliishi vizuri. Walipeana chumvi, walipeana watoto wa kubeba, na mmoja akiumwa mwingine alilima shamba lake.

Jambo lililonichanganya lilikuwa hili. Jumapili, wakati wa meza ya Bwana ulipofika, mama aliinuka akatoka nje, akaketi chini kando ya mlango. Waliobaki ndani walipiga magoti juu ya alama za viganja vyake kupokea mkate, na yeye mwenye viganja alikuwa nje akifukuza mbuzi. Hakuwa amebatizwa. Alikuwa ameomba ubatizo tangu nikiwa sijaanza shule, na maswali yote ya darasa la ubatizo aliyajibu vizuri kuliko sisi tuliokuwa tunakariri kwa kuogopa kiboko.

Siku moja mwinjilisti alikuja nyumbani. Tulimwamkia shikamoo, tukamwekea kigoda. Alikuwa mzee mpole, na nadhani hata yeye maneno yale yalikuwa yanamkwama.

"Mama Marwa, kanisa linakutaka. Lakini wewe ni mke wa pili. Uache kwanza ndoa hii, ndipo ubatizwe."

Tata hakufoka. Alichokoa meno kwa kijiti, akasema, "Akienda, ng'ombe zangu za mahari zirudi. Na watoto wanabaki hapa. Hiyo unaijua, wewe ni Mkurya mwenzangu."

Mwinjilisti aliijua. Tena sote tulijua kwamba ng'ombe zile mjomba alikwishazipeleka kwingine, akaoa nazo. Mama akitoka kwetu, mke wa mjomba naye atatikisika kwake. Nilimtazama mama. Alikuwa amemshika mdogo wangu Robhi mgongoni kwa mkono mmoja, kwa nguvu, hadi Robhi akaanza kulia.

"Basi nitaendelea kukaa pale mlangoni," alisema. "Pana hewa."

Usiku ule niliomba abatizwe, kisha nikaomba asiondoke, kisha nikaogopa kwamba Mungu atanikasirikia kwa kushindwa kuchagua. Jumamosi iliyofuata nilimuuliza mama tukiwa kanisani, "Mungu anakutaka au hakutaki?"

"Leta maji, mura. Samadi inakauka."

Hilo ndilo jibu nililopata. Nimelibeba Musoma, Mwanza, Kisumu, na kila nilikopanga chumba nikahama, na bado sijui kama lilikuwa jibu.

Nilipokuwa shule ya kati, tata alifariki kwa homa. Mama alilia kilio cha kweli. Matanga yalipokwisha mwinjilisti alirudi, akasema sasa hakuna kizuizi, abatizwe. Sikujua nifurahi au nikasirike. Mlango ulikuwa umefunguliwa na kaburi la baba yangu. Mama aliitikia.

Majuma yale yale waumini walikuwa wakibeba mchanga kutoka mtoni, kwa sababu kanisa lilikuwa limepata saruji. Jumamosi ya mkesha wa ubatizo mama alijitwika karai kama kawaida, nami nikamfuata. Tukakuta sakafu ya kijivu, ngumu, safi. Mama alisimama mlangoni na samadi yake kichwani.

"Karibu, Mama Marwa," mwinjilisti alisema kwa furaha. "Kesho unaingia ndani. Na kazi hii imekwisha, Mungu amekupumzisha."

Mama akamtazama. "Nani alimwambia nimechoka?"

Akashusha karai, akapiga magoti nje, akapasiriba pale kando ya mlango alipokuwa akiketi. Kesho yake alibatizwa, kucha zake zikiwa bado na rangi ya kijani.

Siku hizi makanisa yana marumaru. Vijana wa kwaya wana sare mpya kila Pasaka na wanagombea kipaza sauti. Ukiwaomba wafagie wanauliza mlinzi yuko wapi. Wanaimba vizuri, siwezi kudanganya. Ila mimi, kila ninapoingia kanisa geni katika mji mgeni, nainamisha kichwa, na walio karibu hudhani ninasali. Natafuta alama za viganja. Sakafu inang'aa tu, inanirudishia uso wangu, na sijui nianze kushukuru kutoka kona ipi.